Walioichelewesha otomatiki walikuwa na hesabu zao

Siku ya Wanawake Duniani mwaka 2009, gazeti la Vatikani, L'Osservatore Romano, lilizusha mjadala kwa kuhoji kama mashine ya kufulia haijamkomboa mwanamke wa Magharibi kuliko hata vidonge vya uzazi wa mpango. Mwaka uliofuata Hans Rosling, daktari na mtakwimu wa Sweden, alipanda jukwaani na kusimulia siku mashine ya kwanza ilipoingia nyumbani kwao, yeye akiwa na miaka minne. Bibi yake, ambaye maisha yake yote alichemsha maji kwa kuni na kufua kwa mkono, alivuta kiti akaitazama mashine ikifua mwanzo hadi mwisho.

Ni simulizi tamu, na ya kweli. Lakini Rosling alitaja jambo jingine ambalo wasimuliaji wengi hulipita haraka: wazazi wake walikuwa wameweka akiba kwa miaka kabla ya kuinunua. Hapo ndipo penye mzozo. Kama otomatiki, yaani mashine inayofua, kusuuza na kukamua yenyewe bila kuguswa, ilikuwa mkombozi, mbona kaya nyingi za Ulaya hazikuikimbilia? Uingereza ndiyo hutolewa mfano zaidi, maana hadi miaka ya 1970 mashine za matangi mawili, tangi moja la kufulia na jingine la kukamulia, zilikuwa bado zimejaa majikoni. Jibu linalozoeleka ni kwamba mama wa nyumbani wa Kiingereza alikuwa mkaidi, ameng'ang'ania Jumatatu yake ya kufua kama mama yake alivyofanya. Jibu hilo halimtendei haki.

Tuanze na bei. Mwaka 1951 kampuni moja ya Düsseldorf ilitoa Constructa, otomatiki ya kwanza ya Ujerumani ya kupakia nguo kwa mbele. Iliuzwa marka 2,280. Kwa takwimu za bima ya pensheni, wastani wa mshahara Ujerumani Magharibi mwaka huo ulikuwa marka 3,579. Kwa mwaka mzima, si kwa mwezi! Yaani mfanyakazi wa kawaida angetoa mshahara wa miezi saba na nusu, asile, asilipe kodi ya nyumba, asinunue hata makaa, ndipo aipate. Ilikuwa karibu nusu ya bei ya gari jipya la Volkswagen. Tena nchi yenyewe ilikuwa bado inafukua vifusi vya vita na familia nyingi zilibanana kwenye nyumba moja. Kila ninaposoma kwamba wanawake "walisita" mbele ya mashine hii, narudi kwenye tarakimu hizo mbili na kujiuliza nani asingesita.

Na ukishailipia, bado. Constructa ilitikisika vibaya sana wakati wa kukamua hata ikabidi ifungwe sakafuni kwa bolti, sawa na Bendix ya Marekani ya mwaka 1937 iliyoitangulia. Mpangaji wa ghorofa ya tatu angemwambia nini mwenye nyumba? Sabuni nayo ilikuwa tatizo: unga wa kawaida ulifanya mapovu mengi mno ndani ya pipa linalozunguka. Kampuni ya Henkel, pia ya Düsseldorf, walileta Dixan, sabuni isiyo na mapovu mengi, mwaka 1957. Walionunua mapema walitangulia hata sabuni ya mashine yao.

Kule Uingereza, sensa ya 1951 ilikuta kaya 37 kati ya 100 hazina bafu la kudumu. Mashine inayotaka mabomba yake yenyewe isingekuwa na pa kuunganishwa kwenye nyumba nyingi kama hizo. Ile ya matangi mawili ilihitaji bomba moja tu la sinki na mpira wa maji. Ukimaliza unaisukuma kwa magurudumu hadi chini ya meza.

Nayo ilifanya kazi kwa akili. Unajaza maji mara moja, unayapasha moto, unatia sabuni. Mashuka na mashati meupe hutangulia. Baada ya dakika chache unayatoa kwa koleo la mbao, yakivuja mvuke, na kuyatupia tangi la pili yakamuliwe. Maji ya sabuni yanayokamuliwa yanarudishwa tangi la kwanza, na humo humo zinaingia nguo za rangi, kisha mwisho kabisa ovaroli za kiwandani. Maji yale yale, moto ule ule, unga ule ule. Otomatiki kila awamu ilimwaga kila kitu na kuanza upya. Kwa mtu aliyelipia umeme kwa kutumbukiza sarafu kwenye mita, hilo halikuwa jambo dogo. (Wauzaji wa Dar es Salaam na Nairobi wanaozipanga hizo za matangi mawili mstari wa mbele hawahitaji kuelezwa, maana wateja wao wanajua maji ya bomba yanavyokatika.)

Wenye soko walilijua hilo. Mfanyabiashara wa Kiingereza John Bloom alipoanza kuuza mashine za matangi mawili moja kwa moja kwa wateja, kwa bei ya chini na kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, wanunuzi walimiminika, hadi kampuni yake ya Rolls Razor ilipoanguka Julai 1964. Mwaka 1961 kampuni ya Hoover ilitoa Keymatic, otomatiki ya kuchagua programu kwa kuchomeka kibao chenye meno kingoni. Ilipendeza, lakini haikuziondoa zile za matangi mawili.

Upande wa otomatiki una hoja moja nzito, nayo haihusu maji wala umeme. Mashine ya matangi mawili ilimtaka mtu asimame hapo asubuhi nzima, koleo mkononi. Otomatiki ilimruhusu aende kazini. Ule unafuu niliousifu ulitegemea saa za mwanamke ambazo hakuna aliyezilipia, na mume aliyepiga mahesabu ya mkopo huenda hakuziweka kabisa kwenye orodha. Hilo siwezi kulipinga. Hata hivyo, kutoziona saa hizo halikuwa kosa la aliyeshika koleo. Tena hakuwa amefungiwa nyumbani na nguo zake: tangu Mei 1949 palikuwa na duka la kufulia kwa sarafu mtaa wa Queensway, London, lenye mashine za Bendix, na mengine mengi yakafuata. Aliyetaka otomatiki bila kuinunua aliipata huko.

Kilichobadilisha mambo ni viwanda vya Italia. Candy, Zanussi na Indesit walizishusha bei katika miaka ya 1960, mashine zikawa nyepesi na hazikudai tena kufungwa sakafuni. Halmashauri za Uingereza nazo zilikuwa zikijenga nyumba zenye maji ya moto na nafasi jikoni. Masharti yalipotimia, wanawake wale wale walioitwa wakaidi walinunua.