Kabla ya kuuliza bei ya lenzi, jiulize unapenda kusimama wapi

Kwenye harusi za Mwanza mpigapicha hupimwa kwa urefu wa lenzi yake. Akiingia ukumbini na ile ndefu nyeupe ya milimita 70 mpaka 200, kamati inatulia. (Milimita zikiwa nyingi lenzi inavuta vya mbali, zikiwa chache inaona pana.) Inajua michango haijaliwa. Akija na kalenzi kafupi ka milimita 35 ataulizwa kwa upole kama bosi wake yuko njiani. Kwa hiyo simlaumu kijana wa harusi anayejinyima mwaka mzima ili aipate ile nyeupe. Biashara ni biashara. Lakini wengi wanaonifuata na swali la "kaka, lenzi gani kali?" hawapigi harusi. Wanapenda mitaa, ziwa, ndege, watoto wao. Mtu wa aina hiyo akinunua lenzi kwa kufuata sifa zake, itamaliza muda wake kabatini.

Msimamo wangu ni huu: lenzi inakupangia mahali pa kusimama. Ukali wa kioo, jina la kampuni, fokasi isiyo na kelele, hayo yatafuata. Kwanza jiulize, unapopiga kile unachokipenda kweli, unataka uwe hatua ngapi kutoka kilipo.

Chukua Mwaloni, pale Kirumba. Kuna watu husimama mbali na lenzi ndefu wakiwavizia kina mama wa dagaa. Picha zinatoka safi, nyuma panafifia vizuri, na bado unapozitazama unajiona kama umechungulia dirisha la mtu. Lenzi ya milimita 35 haikuruhusu mchezo huo. (Kama kamera yako ni ya sensa ndogo, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha, kama nyingi tulizo nazo huku, hesabu 24 badala ya 35.) Inakulazimisha ufike mita moja na nusu, na kwa umbali huo huwezi kuinua kamera kabla ya salamu. Mwangaluka, mayu. Unauliza bei, unataniwa, unaambiwa hela ya kamera hiyo ingetosha mtumbwi. Halafu unaanza kuona vitu ambavyo usingeviona kutoka barabarani: magamba ya dagaa yaliyogandia kwenye kucha, pete iliyozama kidoleni, sado ya kupimia iliyobonyea kwa ndani. Hiyo sado ipige, ila usiulize ilibonyeaje.

Najua kuna watakaobisha: mtu akijua anapigwa picha anajiweka sawa, uhalisia unapotea. Ni kweli, unapotea kwa dakika chache. Wateja wanasubiri, wachukuzi wanapiga kelele wapishwe, jua linawaka. Atarudi kwenye kazi yake na kukusahau, wewe ukiwa palepale karibu.

Halafu kuna suala la mwanga. Chini ya mapaa ya mabati kuna giza hata saa sita mchana, na hapo ndipo upana wa tundu la lenzi unapolipa. Tundu hupimwa kwa namba ya f, na namba ikiwa ndogo tundu ni pana: f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi ya f/5.6, na f/5.6 ndiyo tundu pana kabisa unalopata kwenye ile zumu ya kawaida ya 18 mpaka 55 ukiivuta mpaka mwisho. Mara kumi maana yake ni hii: badala ya kupiga kwa 1/20 ya sekunde na mkono wa mchukuzi ukavurugika, unapiga kwa 1/200 na vidole vyake unavihesabu. Na praimu, yaani lenzi isiyovuta, ya 50 yenye f/1.8 ni kati ya lenzi za bei ya chini kabisa kwa kampuni nyingi kubwa. Ila usichukue lenzi pana mno ukaenda kubandika uso wa mtu nusu mita. Pua itakua, masikio yatakimbia nyuma. Watu husingizia lenzi, kumbe ni ule ukaribu.

Jiwe la Bismarck, lile lililosimama ziwani hapa Mwanza, linataka kinyume cha haya yote. Karibu kila mtu hulipiga kwa lenzi pana "ili ziwa lote liingie", na jiwe linageuka kokoto kati ya maji mengi na anga tupu. Jiwe halihitaji salamu. Rudi nyuma ufukweni, weka 200 au zaidi, hasa kama unalitaka pamoja na jua. Hesabu yake ni nyepesi: chukua milimita za lenzi, gawanya kwa 110 hivi, utapata kipenyo cha jua kwenye sensa. Kwa lenzi ya 24 ni milimita 0.2, yaani nukta. Kwa 200 ni 1.8, kwa 400 ni 3.6, na karibu saa moja jioni, jua linapozama, hilo ni jua la kuitwa jua. Likiwa bado kali usilichungulie kwa jicho kupitia lenzi ndefu. Jicho halina spea.

Lenzi ndefu hiyohiyo ndiyo inayovitendea haki vilima vyetu. Igogo au Mabatini kwa lenzi pana kilima kinalala chali. Kwa 200 kinasimama wima, nyumba juu ya nyumba, mwamba juu ya bati. Piga asubuhi. Mabati yakishapata moto hewa inachezacheza, na hakuna lenzi ya bei yoyote itakayoinyoosha.

Kwa ndege sina maneno mengi. Furukombe wa kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, hasalimiwi akakusubiri. Anza na 300, ongeza kadiri mfuko unavyoruhusu. Zumu za 150 mpaka 600 huwa na kilo kama mbili; kabla ya kulipa shika mfuko wa sukari wa kilo mbili usawa wa uso kwa dakika tano, ndiyo uamue.

Kama bado hujijui, picha zako zinakujua. Zifungue kwenye kompyuta, kila moja inaonyesha ilipigwa kwa milimita ngapi. Tenga zile unazozipenda wewe, hata kama hakuna aliyezisifia. Kama unatumia ile zumu ya 18 mpaka 55 na zikajaa kwenye 18, unatamani pana zaidi. Zikijaa kwenye 55, ulikuwa unataka kusogea lakini ama hukuweza, ama hukuthubutu. Ni sababu mbili tofauti, na lenzi ndefu inatibu ya kwanza tu.

Ukishaamua, sina ubishi na lenzi ya mkononi, iliyokwisha kutumika, mimi mwenyewe hizo ndizo nazitumia. Kabla ya kuhesabu noti, fungua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu, imulike kwa nyuma huku ukichungulia mbele kwa mshazari. Mavumbi mawili matatu hayana neno. Ukiona nyuzi nyembamba zimetambaa ndani ya kioo, huo ni ukungu, na unyevunyevu wa huku ziwani utaulea vizuri. Mrudishie mwenye lenzi yake, hata kama ameshapunguza bei mara tatu.