Maziwe, Silikanti na Mipaka Isiyozuia Joto

Anayetoka Ushongo kwa ngalawa wakati wa maji kupwa hukuta kisiwa cha Maziwe ni fungu la mchanga mtupu, na bamvua likijaa hata fungu hilo hufunikwa. Wazee wa Pangani wanaikumbuka mivinje iliyosimama pale na kasa waliopanda kutaga karibu nayo. Kisiwa kilitangazwa kuwa eneo tengefu mwaka 1975, na kabla miaka kumi haijatimia miti ilikuwa imekwisha na bahari imekimeza. Leo kasa akitaga pale, mayai huchimbuliwa na kuhamishiwa ufukweni Ushongo yasije yakaozeshwa na maji.

Tangu hapo sijaweza kuamini kwamba uhifadhi hupimwa kwa idadi ya doria peke yake. Baruti ya kuvulia samaki imevunja miamba ya matumbawe ya Tanga kwa miaka mingi, na walioitupa siwatetei. Lakini joto halikamatwi na boti ya doria. Tumbawe huishi kwa mwani mdogo uliomo mwilini mwake, ambao humlisha na kumpa rangi. Maji yakizidi joto la kawaida la miezi ya kiangazi kwa nyuzi moja tu, na yakakaa hivyo kwa wiki kadhaa, tumbawe huutoa mwani huo, akabaki mweupe, na joto lisiposhuka mapema hufa kwa njaa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998 mwambao mzima wa Afrika Mashariki, ndani ya hifadhi na nje yake.

Kwa sababu hiyo naona miezi ya Machi na Aprili, kaskazi inapolegea na maji kufikia joto lake la juu, ndiyo ya kuwaacha pono na kangaja wasivuliwe miambani. Samaki hao hula magugu yanayoziba nafasi ambayo matumbawe machanga yangeshika. Najua mvuvi atauliza atakula nini miezi hiyo miwili, na swali lake ni la haki: fidia ipangwe kwanza, katazo lifuate.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni silikanti, samaki adimu wa kale, ambaye kwa ajili yake Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilianzishwa mwaka 2009, baada ya wavuvi wa Kigombe na vijiji jirani kumnasa mara kwa mara katika majarife, yaani nyavu za kutegea papa. Yeye hukaa kwenye mapango ya kina kirefu, penye maji ya baridi, na matamvua yake madogo hayavuti oksijeni nyingi. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo zaidi, kwa hiyo huenda akalazimika kushuka chini zaidi. Nasi, samaki wa juu wakipungua, tutarefusha kamba za majarife na kumfuata huko huko. Mipaka ya hifadhi imechorwa kwa upana wa bahari. Mimi ningetaka ichorwe pia kwa kina, na jarife lipigwe marufuku kabisa katika kina anachoishi silikanti.