Mtishe, Mchekeshe, Usimhubirie

Hadithi ya kutisha inayochekesha, yenye michoro, ya msomaji wa miaka 7 hadi 11, huharibikia mahali pamoja karibu kila mara: mwandishi huweka kitisho huku na mzaha kule. Kurasa tano ni giza totoro, kisha anaingia mjomba aliyechanika suruali, watu wanacheka, halafu giza linarudi. Mtoto huhisi amebadilishiwa kitabu mikononi. Naamini vitu hivi viwili havina budi kutoka shina moja. Kile kile kinachotisha ndicho kichekeshe.

Ngano za pwani zinalijua hili zamani. Katika ngano ya nunda mla watu, ambayo mmisionari Mwingereza Edward Steere aliipata Unguja na kuichapisha London mwaka 1870 pamoja na nyingine, paka wa sultani anaanza kwa mifugo, na sultani anamkingia kifua kwamba paka ni wake na mifugo ni yake, mpaka paka anageuka balaa la mji mzima. Kijana anapotoka kumsaka, kila mnyama anayemuua anampeleka nyumbani akimwimbia mamake kwamba nunda ndiye huyu, na mama anajibu kwamba siye. Mnyama anazidi kuwa mkubwa, jibu halibadiliki. Mtoto anacheka kila mama anapokataa, na papo hapo anapiga hesabu: ikiwa huyu naye siye, nunda mwenyewe yukoje? Kicheko na hofu vimepanda ngazi pamoja.

Tubuni mfano wetu. Zimwi anaishi chini ya ngazi za mbao katika nyumba ya ghorofa Mji wa Kale, Mombasa, na chakula chake ni viatu, tena vya kushoto tu. Usiku wa harusi viatu vimejaa barazani. Asubuhi kila mgeni amebakiwa na kimoja. Kinachotisha ni sauti ya kutafuna chini ya ngazi wakati nyumba iko kimya jii. Kinachochekesha ni mabwana wa heshima, kanzu zimepigwa pasi, wakirukaruka kwa mguu mmoja katika barabara ya Ndia Kuu. Safari nayo ipo: kubadhi la kushoto la babu limeingia shimoni kwa zimwi, kesho ni Idi, na mtoto wa hadithi yetu, Mwanasiti, ndiye wa kulifuata. Hofu, kicheko na safari vyote vimezaliwa na sentensi moja: zimwi anakula viatu vya kushoto. Ikiwa huwezi kuandika sentensi kama hiyo kwa maneno yasiyozidi kumi, hadithi haijaiva, na mchoraji asipigiwe simu bado.

Kanuni ikishawekwa isivunjwe. Zimwi akila kofia ukurasa wa 22 kwa sababu mwandishi ameishiwa, kila kitu kinaporomoka. Mtoto alikuwa akijihesabia usalama wake: mimi nimevua cha kushoto, hanipati. Hofu anayoifurahia ni ile yenye mipaka anayoijua yeye mwenyewe. Ukiiondoa mipaka, mtoto mwoga hukifunga kitabu, na aliye jasiri huacha kuamini.

Kabla ya kuandika neno la kwanza, tengeneza kitabu kitupu. Chukua karatasi 8 za A4, zipange, zikunje katikati pamoja: umepata kurasa 32 za A5. Zipe nambari kwa penseli. Kurasa za kulia zitakuwa witiri na za kushoto shufwa. Ukurasa wa 1 ni wa jina la kitabu, wa 2 ni wa maelezo ya uchapishaji, hadithi inaanza wa 3. Sasa weka vitisho vyote vikubwa kwenye kurasa za kushoto, na maneno yanayokiita kila kitisho yawe mstari wa mwisho wa ukurasa wa kulia uliotangulia. Mwisho wa ukurasa wa 7: “Mwanasiti akaishusha taa, akachungulia chini ya ngazi, na hapo akaona…” Mtoto anashika ncha ya ukurasa. Anasita. Anafunua. Kusita huko ndiko kunakofanya hadithi itishe, na hakuna sifa ya maneno inayoweza kushindana nako. Vitisho vinne vinatosha kurasa 32: wa 8, wa 14, wa 20 na wa 26.

Mpango huu huvunjwa na dibaji. Kazi imekamilika, mtu anaomba ukurasa mmoja wa shukrani mbele, na kila kitu kinasogea hatua moja. Sasa maneno “akaona…” yako kushoto na zimwi yuko kulia, uso kwa uso. Jicho la mtoto hukimbilia picha kwanza, kwa hiyo amemwona zimwi kabla ya kusoma sentensi. Ikiwa lazima uongeze, ongeza kurasa mbili mbili, na ukumbuke kwamba jumla sharti igawanyike kwa 4, la sivyo utabaki na kurasa tupu mwishoni.

Kuhusu michoro nitakuwa mkali. Mchoro unaorudia maneno ni hasara ya wino. Maneno yakisema “Chini ya ngazi hapakuwa na kitu,” picha ionyeshe ncha ya mkia ikijificha nyuma ya pipa. Msomaji anajua, Mwanasiti hajui: hapo mtoto anacheka na kupiga kelele kwa pumzi moja. Zimwi asionekane mzima mapema. Ukurasa wa 8 onyesha soli yenye alama za meno. Wa 14, vidole vitano vimeshika ukingo wa ngazi. Wa 20, kivuli ukutani. Taa ya chemni ikiwekwa sakafuni mbele ya kitu kidogo hutupa kivuli kirefu hadi darini, na mchoraji autumie ukweli huo, kwa sababu ukurasa wa 26 zimwi anapotoka, kimo chake ni cha mbuzi na ana jino bovu lililovunjwa na kishikizo cha kiatu cha bibi harusi. Kivuli hakikudanganya. Taa ndiyo iliyokuwa chini.

Vichochoro vya Mji wa Kale vyataka picha ndefu za wima: roshani zinakaribia kugusana juu, milango ya nakshi pande mbili, na mtoto mdogo chini kabisa. Ukizilaza picha hizo, uchochoro unageuka barabara kuu na hofu inapata pa kupumulia.

Nawasihi pia wachoraji wasiitupe leso. Leso ina pindo, ina mji, ina jina, na jina ni maandishi yanayosomeka. Mpe bibi leso, kisha jina libadilike kila anapotokea. Mwanzoni liwe “Kikulacho ki nguoni mwako”, na ukiangalia vizuri, kidole cha zimwi kinachungulia nyuma ya pindo la leso hiyo hiyo. Msomaji wa mara ya kwanza hupita bila kuona. Akirudia, anamwita mwenzake. Herufi za jina zichorwe kwa mkono, zisipungue ukubwa wa pointi 9, juu kidogo ya pindo la chini. Na mchoraji asiipindue picha kwenye kompyuta ili zimwi atazame upande wa pili, maana jina litasomeka kinyume, na kosa hilo huonekana vitabu vikishatoka mashineni.

Maneno yenyewe: 40 hadi 60 kwa ukurasa wenye picha, pointi 14, nafasi ya kutosha kati ya mistari. Tahajia yetu haimsumbui mtoto, silabi husomeka kama zilivyoandikwa. Kinachomchosha ni kitenzi kirefu, “hawakunionyesha” na ndugu zake, vinapopangana vitatu katika sentensi moja. Vipishanishe na vifupi. Kwa vipande vya mazungumzo, andika kwanza, kisha mchoraji azungushie puto la maneno. Akichora puto kabla, neno litakatwa katikati ili litoshe. Masimulizi yakae Kiswahili sanifu ili mwalimu asikikatae kitabu, lakini midomo ya watu iachwe iseme Kimvita, lahaja ya Mombasa: “Waenda wapi wewe usiku huu?” Na sauti ziwe zetu, chubwi kwa kitu kinachotumbukia majini, pu kwa kinachoanguka mchangani. Tanakali tunazo nyingi, za kuazima kwenye katuni za kigeni hazihitajiki.

Sasa duka la kuchapisha. Karatasi ya gramu 80 ni rahisi kwa bei, lakini huonyesha upande wa pili. Ukurasa wa 7 na wa 8 ni uso na mgongo wa karatasi moja. Ukijaza wa 8 weusi mtupu, umbo la zimwi linavuja hadi wa 7, na siri yako imetoka kabla mtoto hajafunua. Ama panda hadi gramu 100, ama mchoraji ajenge giza kwa mistari iliyopishana badala ya kupaka weusi mzima. Mistari ina faida nyingine: mashine za kawaida huacha michirizi kwenye weusi mpana, na wino wa unga hupasuka pale karatasi inapokunjwa. Picha kubwa ya kurasa mbili iwekwe 16 na 17 tu, kwa sababu hapo katikati ni karatasi moja isiyokatika. Kwingine kurasa zinazotazamana hutoka karatasi mbili tofauti, hupishana milimita moja au mbili, na uso ulio kwenye mkunjo hupinda.

Picha inayogusa ukingo izidishwe milimita 3 kila upande, yaani 154 kwa 216 badala ya 148 kwa 210, na iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi. Simu haifai hapa. Hupiga karatasi nyeupe ikatoka kijivu. Faili zikitumwa kwa WhatsApp, zitumwe kama dokumenti, kwani zikienda kama picha hubanwa na mistari myembamba hugeuka ukungu. Jalada gramu 250, pini mbili mgongoni, basi.

Lililo zito zaidi ni nani anafanywa wa kutisha. Mombasa si mahali pa kumfanya jini kikaragosi. Majini wametajwa katika Kurani, sura ya 72 ina jina lao, na kwa familia nyingi za hapa hilo ni suala la imani. Mzazi akikiweka kitabu hicho chini, ana haki yake. Zimwi ni wa ngano, anatosha, na ukitaka mwingine mbuni mwenyewe umpe kanuni zake.

Jambo la pili halina mjadala kwangu: mzee asiwe mchawi. Kwale na Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine kwa sababu ya mvi tu. Mtoto anayefundishwa na kitabu kwamba bibi mwenye mvi anayeishi peke yake ndiye wa kuogopwa, amefundishwa jambo linaloua watu. Mpe bibi taa na leso, awe ndiye anayezijua njia za chini ya nyumba. Vivyo hivyo, kizuka kisipewe sura ya mtu mwenye ualbino, hata kwa bahati mbaya ya mchoro. Angalia weupe wa nywele na nyusi kabla ya kuidhinisha.

Mandhari hayana haja ya kuagizwa nje. Ngome za theluji na maboga yaliyochongwa ni ya wenyewe. Hapa Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, Waomani wakaizingira kuanzia 1696 hadi 1698, na katikati ya mzingiro huo, mwaka 1697, meli ya Wareno Santo António de Tanná ilizama mbele ya ngome. Baharia wa meli hiyo anaweza kutokea leo katika duka la fundi cherehani akitafuta kifungo chake cha koti, na kanuni yake iwe kwamba hakauki kamwe. Dimbwi sakafuni latisha usiku, lachekesha fundi anapoteleza asubuhi, na ndilo linaloonyesha njia aliyopita. Ila ukitaja mahali, pataje sawasawa. Msomaji wa Mombasa anajua hakuna anayefika Mji wa Kale kutoka Likoni bila kuvuka maji, na akikunasa hapo hatakuamini tena habari za baharia.

Mafunzo yaondolewe ukurasa wa mwisho. Najua shule huyapenda na wachapishaji huyaomba. Lakini mtoto aliyeshuka chini ya ngazi na Mwanasiti amekwisha kujifunza alichojifunza, na ukimwambia “kwa hiyo watoto, tuwe na utiifu,” unamnyang’anya. Ukurasa wa 32 mpe mchoro mmoja: zimwi amevaa kubadhi la kulia, hajui la kufanya nalo.

Kabla ya kuchapisha nakala nyingi, kisome kile kitabu kitupu, sasa kikiwa na maneno na michoro, kwa sauti mbele ya watoto watano au sita ambao si wako, na mtu mwingine atazame nyuso zao badala ya kurasa. Wakitazama mlango, kitisho kimefika. Wakitazamana, mzaha umefika. Wakianza kuvuta ukurasa kabla hujamaliza kuusoma, maneno ya ukurasa huo yamezidi: kata theluthi, usome tena kesho yake kwa watoto wengine.