Kipimo chenye faida hata pale dawa mpya isipopatikana

Kila mjadala wa viashiria vya saratani ya utumbo mpana, yaani alama za jeni au protini zinazoonyesha tiba ipi inafaa, ukifika Dar es Salaam, hukwama kwenye swali moja: kuna faida gani kupima jeni ambayo dawa yake mgonjwa hawezi kuinunua? Ni swali la haki. Wengi hufika hospitali za Ocean Road au Muhimbili ugonjwa umeshasambaa. Kupima jeni za KRAS na NRAS, kwa mfano, humsaidia daktari hasa kuamua kama atumie setuksimabu, dawa isiyofanya kazi kwa karibu nusu ya wagonjwa wa hatua hiyo kwa sababu jeni hizo zimebadilika. Hospitali isiyo na setuksimabu inaweza kuahirisha kipimo hicho bila lawama.

Kosa ni kuvitia viashiria vyote kapu moja. Protini nne, MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6, hurekebisha makosa ya DNA seli inapojigawa, na kuzipima hakuhitaji mashine ya kusoma jeni. Kinyama kilekile kilichothibitisha saratani hukatwa utando mwembamba, hupakwa kingamwili na rangi, kisha mtaalamu wa patholojia hutazama kwa hadubini kama viini vya seli za saratani vimeshika kahawia (protini ipo) au vimebaki samawati (protini haipo).

Katika tafiti za Ulaya na Marekani, uvimbe kama 15 kati ya 100 hukosa mojawapo ya protini hizo au zaidi. Mgonjwa wa hatua ya pili, yaani ambaye saratani haijafika kwenye tezi za limfu wala viungo vya mbali, akiwa miongoni mwao, uwezekano wa ugonjwa kurudi baada ya upasuaji ni mdogo, na fluorourasili, dawa ya kemotherapi, ikitumika peke yake haimwongezei kitu. Basi huyu anaepushwa miezi ya dripu, vidonda vya mdomoni, kuharisha, na, kama ametoka Lindi au Kigoma, kodi ya chumba cha kufikia mjini. Na kiti chake cha dripu anakalia mwingine anayekihitaji kweli. Faida yote hiyo hupatikana bila dawa mpya hata moja, lakini wanaopinga huhesabu gharama ya kupima tu, gharama ya kutibu bure hawaihesabu.

Pembrolizumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kama tiba ya kwanza ya walio na upungufu wa protini hizo na ugonjwa uliosambaa, ilirefusha muda wa kati kabla ya ugonjwa kuendelea kutoka miezi 8 hivi hadi 16. Sikatai kwamba bei yake haishikiki, na wanaohusika ni kama 5 tu kati ya 100 wa hatua hiyo. Ila upungufu huo ukiwa wa kurithi, ndugu na watoto wa mgonjwa nao wana sababu ya kuchunguzwa utumbo mapema (na katika koo nyingine vifo vya namna hiyo vimeshapewa jina la mkosi).

Pingamizi ninaloliogopa zaidi ni la ubora. Kinyama kikicheleweshwa kutiwa kwenye fomalini, kimiminika cha kukihifadhi, protini huharibika, rangi haishiki vizuri, na jibu huweza kupotosha. Kazi ya kulinda ubora basi ianzie chumba cha upasuaji: fomalini mara 10 ya ujazo wa kinyama, na saa ya kukatwa iandikwe kwenye fomu.