Begi la nne limenifia Kigoma

Jamani mniache nilalamike leo, maana nyumbani kila nikianza habari za mabegi wananyanyuka mmoja mmoja, mtoto anasema ana homweki, mke anasema maharage yanaungua, na hayo maharage hata hayajabandikwa.

Kazi yangu mimi ni fundi wa mashine za maabara, zile za kupimia damu hospitalini, na hizi mashine zina tabia moja ya ajabu, hakuna inayoharibika Dar. Zinaharibikia Kigoma. Zinaharibikia Bukoba, Songwe, Mwanza, na zinaharibika ijumaa jioni. Kwahiyo kwa mwezi naweza panda ndege mara nne mara tano, mtaani wanaona maisha nimeyapatia, "kaka wewe kila siku upo angani tu", angani wapi bana, mimi nipo chini navuta begi lenye tairi moja na nusu kwenye mchanga wa Segerea saa kumi alfajiri, linalia krakrakrakra mpaka mbwa wa mtaa mzima wanajua leo fundi anasafiri.

Na begi siwezi kulikwepa. Wangekuwa wananiruhusu niingie na kamkoba ka mkononi ningeenda na boksa mbili na mswaki, ila nina bisibisi, spana, plaizi, tochi, na bisibisi huingii nayo ndani ya ndege, pale kwenye ukaguzi wanakuangalia kama umekuja kuifungua ndege ikiwa juu. Lazima liende chini, kwa wale vijana wa kupakia. Siwalaumu, jua lile na mizigo ile hata mimi ningerusha. Lakini wanarusha jamani.

Ndani ya miaka miwili nimezika mabegi manne.

La kwanza lilikuwa lile seti la Kariakoo, matatu yamemezana, kubwa limemeza la kati, la kati limemeza dogo, ukifungua unasikia ile harufu ya plastiki mpya unajiona tajiri. Muuzaji kijana mdogo tu, akavua ndala akapanda juu ya begi akawa anaruka, "bosi cheki, cheki bosi, hii haivunjiki, hii orijino", na mimi na umri wangu huu na ufundi wangu wote nikashangilia, nikatoa laki na ishirini. Sasa hebu fikiria na akili timamu. Ni begi gani umewahi kuona limekufa kwa kurukiwa na kijana wa kilo hamsini aliyevua ndala? Begi haliuliwi tumboni. Begi linauliwa miguuni na mkononi, tairi na ule mkono wa kuvutia, na zipu, basi, huko kwingine ni urembo. Ila nenda duka lolote uone watu wanavyonunua begi, wanagonga gonga ubavuni kama wananunua tikiti maji.

Tairi la kwanza lilibaki Mwanza safari ya pili. Nilikuja kugundua nikiwa nje naona begi linachechemea.

La pili mkono uligoma kurudi ndani. Ulitoka vizuri, kurudi ukakataa, nikaenda nalo mpaka kaunta mkono umesimama kama antena ya redio mbao, dada akaniambia kaka samahani hilo haliwezi pita hivyo, nikasukuma, nikakalia, akaja askari mmoja akasema ngoja nikusaidie, akasaidia. Ukaingia. Haujatoka mpaka leo.

Hili la tatu ndo lenye aibu. Lilikuwa la kitambaa, zuri, mifuko ya nje minne, kwenye mfuko unaweka hata chapati. Nipo nimesimama pale kwenye mkanda unaozunguka na watu wengine, mizigo inakuja, linakuja begi la mama mmoja, linakuja boksi la vifaranga sijui la nini, halafu ikaja boksa. Peke yake. Ya bluu, ina mistari. Watu wakaitazama kwa heshima kama inavyopita jeneza. Nyuma yake ikaja soksi, ikaja spana namba kumi na tatu, ndo mwisho kabisa likaja begi lenyewe limefunguka mdomo zipu imeachia kuanzia kona hadi kona, na mimi nikafanya kitu ambacho mwanaume yeyote angefanya, nikageuka nikaangalia simu. Nilisubiri mzunguko wa tatu watu wamepungua ndo nikaokota. Boksa nikaiacha, Mungu ananiona.

Na ndo hapo nikajua habari ya zipu. Zipu ya zile nyuzi nyembamba za nailoni ukiichoma na kalamu ya biki inaachana kama mdomo, halafu ukirudisha kile kishikio inajifunga, hata hujui kama mtu alipita. Kwahiyo ile kufuli ndogo ya dhahabu ninayofungaga kwa mbwembwe nilikuwa naifungia imani yangu tu. Nunua zipu nene, meno mawili mawili yaliyopandana, au begi la kufunga kwa lachi lisilo na zipu kabisa, japo hilo la lachi kilo zake utalia.

Kilo! Hapo ndo penyewe sasa. Ticket yangu inaniruhusu kilo 23. Hilo la tatu siku moja nikasema ngoja nilipime likiwa tupu, nikaazima mizani ya ndoano kwa muuza samaki, kilo tano na gramu mia moja. Tupu! Kabla sijaweka hata leso! Vifaa vyangu kilo tisa, vipuri vya mashine kilo saba ukienda na pampu, sasa piga hesabu, nimebaki na kilo mbili za kuishi wiki nzima Kigoma, yani nivae spana. Siku moja pale kaunta mizani ikasoma 25, dada akasema punguza mbili au lipia, ofisi hailipi mzigo uliozidi, wao wanajua nauli tu. Nikachuchumaa pale chini nikafungua begi mbele ya foleni nzima. Kuhamishia bisibisi mkononi siruhusiwi, kwahiyo nikahamishia nguo, na mkononi nako kuna kilo saba zao. Nikavaa. Nilipanda ndege nimevaa mashati matatu na jaketi na suruali mbili, Dar es Salaam, mwezi wa pili, jirani yangu wa siti akaniuliza kwa huruma kama nina malaria.

Basi baada ya lile la zipu nikanunua gumu, linang'aa kama gari jipya, hilo ndo la nne, likapasuka kona Kigoma kwenye baridi ya saa kumi na mbili asubuhi, ufa kama wa yai. Nikaanza sasa kusoma, kwa hasira. Kumbe plastiki zina ukoo. Hizo za bei chee nyingi ni ABS, ngumu na nyepesi ila zikipigwa zinapasuka. Kuna polikaboneti, hiyo inabonyea halafu inarudi, ndo wanatengenezea zile ngao za askari wa kutuliza fujo, na mimi nikasema kitu kinachozuia mawe kinaweza kuzuia vijana wa mizigo. Bei yake sasa, nikafunga simu. Halafu kuna polipropilini, nikasoma nikasoma nikakuta kumbe ndo plastiki ya viti vya msibani! Vile vile vyeupe, vile! Na viroba vya unga navyo vinasokotwa kwa hiyo hiyo. Nikakaa kimya kidogo. Kiti cha msibani kinakaliwa na mjomba wa kilo mia na ishirini anayeegemea nyuma kwa miguu miwili, kinanyeshewa, kinatupwa juu ya kenta, kinahama msiba mpaka harusi, na kipo. Nikajua nimepata plastiki yangu.

Matairi nayo. Wauzaji watakuambia manne ndo kisasa, linateleza lenyewe pembeni yako kama mtoto mtiifu. Linateleza wapi? Kwenye marumaru za uwanja wa ndege linateleza kweli, tena ukiliachia linakutoroka. Ila yale manne yamening'inia nje kama hereni, likitua vibaya linakatika moja. Mawili yamezama ndani ya mwili, makubwa, yanapita hata kwenye kokoto. Aliyebuni begi la kusimama la matairi mawili na mkono mrefu alikuwa rubani, Robert Plath, mwaka 1987, mtu ambaye kila siku anaburuza begi uwanjani, na hakuweka manne. Nilimwambia hivyo muuzaji akaniambia "bosi huyo mzee wa zamani".

Kwahiyo nimezunguka Kariakoo jumamosi nzima na mizani ya ndoano mfukoni, nimenunua yangu kabisa, elfu kumi na tano. Naingia duka nasalimia naning'iniza begi napima. Wauzaji hawapendi. Mmoja akaniuliza "mzee unanunua begi au kitimoto?" Ukiwauliza uzito wanasema jepesi bosi, wote jepesi, unapima kilo nne na nusu. Halafu natoa mkono wa kuvutia nautikisa, ukicheza kama jino la mtoto narudisha naaga. Natoa futi, maana sentimita 158 ndo mwisho kwenye ndege nyingi, urefu ujumlishe upana ujumlishe kina, na matairi yanahesabiwa humo, wakati namba zao za inchi ishirini na nane zinasahauga matairi kwa makusudi.

Duka la mwisho nikalipata. Polipropilini, kilo mbili na gramu mia tisa, matairi mawili, zipu nene. Kijivu, baya baya. Nikalipenda. Tukabishana kitu kimoja tu, kufuli yake ilikuwa na namba tatu za kuzungusha na pembeni kuna kitundu cha ufunguo. Nikasema kijana, ufunguo? Akasema hauna. Nikasema hauna vipi na tundu hili hapa? Tukapandishiana sauti mpaka jirani wa duka la mapazia akaja kuamua, kumbe kweli hauna, ule ufunguo wanakuwa nao watu wa ulinzi wa viwanja vya ndege vya Marekani ili wakitaka kukagua wasikate kufuli. Sasa mimi naenda Kigoma. Nina begi ambalo mtu wa Marekani ana ufunguo wake na mimi mwenyewe sina.

Laki mbili na sitini. Mama Jeni nimemwambia laki moja na yeye kwa hiyo laki moja tu alinyamaza siku mbili.

(Na hilo la nne lililopasuka mkiniuliza mbona sikudai, nilishawahi dai, lile la mkono, lilikuja limepinda zaidi nilipotoka mafunzoni Nairobi. Safari za nje ya nchi una siku 7 za kulalamika kwa maandishi. Mimi nilienda siku ya tisa. Na ningewahi wangeniambia mikono na matairi ni kuchakaa kwa kawaida. Sasa kingine kinachochakaa ni nini?)

Safari ya kwanza ya hilo jipya ilikuwa Bukoba, na mvua ya Bukoba mnaijua, begi limekaa pale nje linanyeshewa mimi nimetulia, limekuja kavu ndani, tairi mbili, mkono umerudi. Nikaona nipite nyumbani kwa mama nimwonyeshe, kwa sababu mtu lazima umwonyeshe mtu. Mama akalinyanyua kwa kidole. Akaniangalia. "Hili ndo begi?" Nikasema ndiyo mama. "Mbona kama halipo? Bei gani?" Nikasema elfu sitini. Akaguna, akainama chini ya kitanda, akasukuma mikeka na ndoo, akavuta kitu kinakwaruza sakafu mpaka meno yakauma, tranka langu la bweni la mwaka 1996. La bati, la bluu. Jina langu bado limeandikwa kwa rangi nyeupe, herufi moja imegeuka. Kona zote nzima, komeo zima, na hilo tranka limepanda juu ya basi na meli ya Mwanza miaka sita, limekaliwa, limepigiwa ngoma, kuna mwaka tulilitumia kama jamvi la drafti. Mama akaligonga na goti, likalia ngoo. Akasema "hili baba yako alinunua mara moja."

Sikuwa na la kusema kwahiyo nikatoa mizani yangu mfukoni nikalining'iniza. Kilo tisa na nusu, ndani hamna kitu isipokuwa kifuniko cha dawa ya meno.

Nikamwonyesha namba. Mama akavaa miwani akaisoma taratibu, akavua miwani, akasema, "Enhe. Sasa wewe ulitaka lisivunjike kwa kutumia nini?" halafu akaenda jikoni akarudi na ndizi, na senene ndoo ndogo, na kopo la samli, akaanza kupanga kwenye lile langu la kijivu maana amesikia lina nafasi.