Samaki wa Digrii 26

Asiyeamini kwamba Lubumbashi kuna baridi aje mwezi wa sita. Ndugu zetu wa Kalemie hushuka garini na fulana ya mikono mifupi, wamezoea joto la ziwa lao, na jioni unawakuta wamejitanda kitenge cha mwenyeji bila hata kuomba. Tuko juu huku, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Juni na Julai usiku unaweza kushuka chini ya digrii 10, halafu mchana jua linakuchoma kisogo, digrii 25, unavua koti. Sisi tumezoea. Asubuhi koti, saa sita shati, usiku kila kitu ulichonacho kabatini. Sasa nenda kamweleze betta.

Betta ni samaki wa urefu wa kidole, mapezi yake kama gauni la bibi harusi. Kwao ni Tailandi na nchi za jirani, kwenye mashamba ya mpunga na madimbwi ya maji vuguvugu. Wamemzoesha vibaya kule: mwaka 2019 serikali ya Tailandi ilimtangaza kuwa mnyama wa maji wa taifa. Mnyama wa taifa! Ndiyo maana ana masharti. Maji yake yawe kati ya digrii 24 na 28, mchana na usiku, na yasipande na kushuka ovyo. Ukilenga 26 mnaelewana. Katika nyumba yangu hakuna mtu mwingine anayeishi kwenye digrii 26. Hata mimi ninayelipa kodi sina.

Aliyeniuzia alimtoa kwenye chupa ya mayonezi. "Yaya, huyu hana matata, muache tu mu chupa, anavumilia." Ni kweli anavumilia. Betta ana kiungo kichwani cha kuvutia hewa ya juu, kwa hiyo hata maji yakikosa pumzi, yeye anapanda, anapiga funda la hewa, anashuka. Hafi haraka, basi watu wanasema anafurahi. Kwa kipimo hicho avenyu yetu nzima ina furaha.

Ila chupa ndogo haishiki joto. Jua likipita dirishani maji yanapanda, giza likiingia yanaanguka, na samaki anaanguka nayo: mapezi ameyabana, amelala chini, chakula anakiangalia kama deni la mtu mwingine. Ukimwacha hivyo, ugonjwa wa madoadoa meupe hauko mbali. Dawa ni maji mengi, kwa kuwa maji mengi hayapoi upesi. Nikaleta tanki la lita 40. Mama watoto akalizunguka, akaweka ndoo chini. "Lita makumi ine ya samaki moja. Na mwenye kuchota ni nani?" Swali hilo mpaka leo liko pale pale kando ya tanki.

Halafu ikaja rezistansi ya kupasha maji, ile ya kioo yenye kidhibiti joto: unaiweka 26, maji yakifika inajizima, yakipoa inajiwasha. Kitu cha akili sana, kinataka jambo moja tu, kuraa, yaani umeme. Na kuraa ya nchi hii ina safari zake. Tangu 1982 kuna waya kutoka bwawa la umeme la Inga mpaka mji wa migodi wa Kolwezi, karibu kilomita 1,700, ulijengwa kwa ajili ya migodi ya shaba. Sina ugomvi na shaba, imesomesha watoto wengi wa Katanga. Lakini kinachobaki kikifika kwetu jioni, kinakuja kimechoka. Balbu unaitazama ana kwa ana bila kupepesa jicho. Kitaa chekundu cha rezistansi kinawaka, unajisemea kazi inaendelea. Tia mkono, maji ni ya Julai! Maana volti zikipungua nusu, joto halibaki nusu, linabaki robo. Hesabu hii nilifundishwa shule nikaona ya kazi gani, kumbe walikuwa wananiandalia samaki.

Hapo ni kuraa ya chini. Ikikatika kabisa, ni mimi na mbabula, jiko letu la mkaa. Mbabula yenyewe inakaa nje barazani, sababu makala, yaani mkaa, ukiyawasha chumbani umefunga milango yanaua watu wamelala, na samaki huyu naye anavuta hewa hiyo hiyo. Kwa hiyo niko nje, koti juu ya pijama, napepea na kifuniko cha sufuria. Birika likichemka, maji ya moto hayaendi kwenye tanki moja kwa moja, utamuua kwa wema. Nayatia kwenye chupa za plastiki, nafunga vizuri, naziacha zielee humo, na macho kwenye kipima joto. Ishirini na mbili. Ishirini na mbili na nusu. Mlinzi wa parseli ya jirani anauliza, "Baba, kuko mugonjwa?" Namjibu ndiyo. Ni rahisi kuliko kueleza.

Joto likishapatikana lilindwe. Mfuniko juu, ili hewa anayovuta isiwe ya barafu, ila usizibe kabisa. Pembeni frigoliti, vile vipande vyeupe vinavyokuja na televisheni. Juu ya yote blanketi. Hapo ndipo mama mkwe alipoingia bila taarifa, akaona kitu kimefunikwa vizuri kwenye kona, akanyata kwa heshima, akanong'ona, "Mutoto ya nani?"

Nikafunua. Akamtazama muda.

"Huyu banamukulaka?"

"Hapana, mama."

Hakuuliza tena. Kwao ni kando ya mto Luapula, na huko samaki anapashwa moto mara moja tu, akiwa amekwisha kusafishwa. Nilimsikia baadaye jikoni akimuuliza binti yake kama kazini kwangu bado wananilipa.

Mama watoto naye ana yake. "Mimi nikisema nasikia baridi, unaniambia nivae soksi. Samaki hajasema kitu, umeamka saa nane." Siwezi kumjibu, samaki kweli hajasema kitu.

Juzi nikaona mapovu madogo yamejikusanya juu ya maji, kwenye pembe. Nikampigia muuzaji, moyo unadunda. Akacheka. "Yaya, hapo amepona kabisa! Anajenga kiota, anatafuta bibi. Nikuletee mmoja? Tanki lake liwe pembeni kwanza, maana huyu bwana anapiga. Na maji pandisha kidogo, 27 au 28, ndiyo watazaa."

Simu ilikuwa kwenye sauti ya nje. Mama watoto hakuinua hata kichwa kwenye bukari aliyokuwa anasonga.

"Mwambie huyo bibi akuje na makala yake."