Nyumba janja: akili ikae ndani au kwa mtengenezaji?

Anayetaka kufunga taa, kamera na vitasa vya kisasa huuliza kwanza chapa ipi ni bora. Swali linalotangulia hilo ni nani anayeamua kitufe kikibonyezwa. Katika mifumo mingi inayouzwa leo, amri hutoka kwenye simu, huenda kwa seva ya mtengenezaji, yaani kompyuta yake iliyo mbali kwenye intaneti, ndipo irudi kwenye balbu iliyo mita mbili juu ya kichwa chako. Njia ya pili ni kitovu kilichomo ndani ya nyumba: kompyuta ndogo inayoongea na swichi, vihisi na kamera bila kutoka nje. Njia hii imepewa sifa ya kuwa mchezo wa wataalamu tu, na hapo imeonewa.

Upande wa seva una hoja zenye mashiko. Unapakua programu, unaelekeza simu kwenye msimbo wa QR, na baada ya dakika chache taa inaitika. Masasisho ya usalama huja yenyewe. Ukiwa safarini unauona mlango wako bila kugusa mipangilio ya ruta. Hoja nzito kuliko zote ni hii: mwizi akibeba mashine ya kurekodia ameondoka na ushahidi, lakini picha zilizokwisha kupanda kwenye seva hawezi kuzifikia. Mpangaji mwenye balbu tatu na kamera moja hana haja ya kujisumbua zaidi.

Ila seva hiyo si yako. Mei 2016 vitovu vya Revolv, vilivyotegemea seva ya kampuni hiyo, viliacha kufanya kazi seva ilipozimwa, kampuni ikiwa imeshanunuliwa na Nest, mtengenezaji mwingine wa vifaa janja. Aprili 2022 seva za Insteon, mtengenezaji wa swichi na taa janja, zilizimika bila wateja kuarifiwa. Walioendelea kama kawaida ni wale waliokuwa wameunganisha vifaa vilevile na programu inayoendeshwa kwenye kitovu cha ndani, kama Home Assistant. Desemba 7, 2021 hitilafu ya seva za Amazon huko Virginia iliwaacha wenye kamera za Ring, chapa ya Amazon, wakishindwa kuzifungua. Katika visa vyote vitatu, kifaa chenyewe kilikuwa kizima.

Kisha kuna hesabu ambayo wauzaji huipita mbio. Kamera moja ya 1080p (picha ya HD kamili) inayotuma megabiti 4 kwa sekunde inazalisha nusu megabaiti kila sekunde. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo ni gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nne ni takriban gigabaiti 173, na zinahitaji megabiti 16 za kupakia usiku na mchana, wakati vifurushi vingi vya intaneti vina kasi ndogo ya kupakia kuliko ya kupakua. Ndiyo maana huduma nyingi za seva hazirekodi mfululizo. Zinahifadhi vipande pale mwendo unapohisiwa. Kamera ya betri huchelewa kuamka, na kipande kinaanza mtu akiwa ameshakupa mgongo. Kamera hizohizo nne zikirekodi ndani, diski ya terabaiti 4 hubeba siku 23, na kwa H.265, mbinu inayobana video zaidi, muda huo unakaribia maradufu. Zivutie waya wa mtandao unaobeba na umeme, usiozidi mita 100, kwani kamera ya Wi-Fi inaweza kukatwa mawasiliano na mtu aliyesimama nje ya ukuta. Na yule mwizi? Ficha mashine mbali na runinga, na vipande vya mwendo pekee vitume nje. Hapo seva inafaa kweli.

Kwenye taa, kosa la kawaida ni kununua balbu janja huku swichi ikibaki ya zamani. Mgeni akizima ukutani, balbu imetoweka kwenye mfumo; na ikiwa ni ya Zigbee, mtandao wa redio ambamo vifaa hupokezana ujumbe, ndiyo iliyokuwa ikipitisha mawimbi ya vihisi jirani, hivyo kihisi cha mlango nacho kinaweza kupotea. Afadhali swichi janja, lakini kwanza fundi umeme afungue boksi aone kama nyutro, waya wa kurudisha umeme, imefika. Mara nyingi swichini kuna waya wa moto na wa kwenda taani tu. Swichi isiyotumia nyutro hujilisha kwa kupitisha umeme kidogo kwenye balbu, na LED ya wati chache hupepesa hata ikizimwa. Dawa yake ni kapasita maalumu inayofungwa sambamba na taa.

Njia ya ndani nayo ina maudhi. Kadi ya SD inayoandikwa mfululizo hufa, hivyo tumia SSD, diski ya kielektroniki inayodumu zaidi, na weka nakala rudufu nje ya kitovu. Antena ya Zigbee iliyochomekwa kwenye kitovu kando ya tundu la USB 3 hupata kelele kwenye 2.4 GHz, masafa ya redio inayoyatumia pamoja na Wi-Fi; waya wa kurefusha wa mita 1 hutosha kuiepusha. Wi-Fi ikiwa chaneli 1, 6 au 11, iweke Zigbee kwenye chaneli 25 ili zisiingiliane. Usifungue bandari za ruta, yaani milango ya kuingilia kutoka intaneti, ili uone kamera ukiwa mbali; tumia VPN, njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wa nyumbani. Kirusi cha Mirai mwaka 2016 kiliteka kamera zilizofikika kutoka intaneti zikiwa zimeachwa na nywila za kiwandani.

Kwenye burudani hoja hii inalegea, maana filamu za mtandaoni zinatoka nje vyovyote iwavyo. Kitovu kitafifisha taa za sebuleni filamu ikianza, basi.

Kabla ya kulipia nyumba nzima, funga chumba kimoja ukipime. Chomoa waya wa intaneti nyuma ya ruta, ruta yenyewe iendelee kuwaka. Bonyeza swichi, fungua mlango wenye kihisi, tazama kamera kwa simu iliyo kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Kinachogoma kinategemea seva. Kisha, intaneti ikiwa bado imekatika, zima kitovu ukiwashe tena. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo inayotumiwa sana kama kitovu, haina saa yenye betri, hivyo huamka ikiwa nyuma ya wakati, na taa za nje zilizopangiwa saa 12:30 jioni zinachelewa kuwaka. Moduli ya saa ya DS3231 yenye betri yake inaondoa tatizo hilo.